Land Rover 109 iliyofufuliwa: namna ya kuimiliki na kuitunza

Pikapu yangu ni Land Rover Series III ya 1977, ile ndefu ambayo mafundi wanaiita "mia na tisa", kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kuna inchi 109. Ilibeba kahawa na mbolea shambani, ikaja ikalala chini ya mparachichi miaka kumi na moja, kisha mtu akaifufua. Nilipoikuta ilikuwa na rangi mpya ya kijani, viti vipya, taa zote zinawaka, injini inanguruma kwa utulivu. Nililipa siku ileile. Wiki ya tatu, nikiteremka kutoka Rhotia kwenda Mto wa Mbu na magunia saba ya vitunguu nyuma, kanyagio la breki lilizama mpaka sakafuni.

Nilishuka kwa gia ya pili, nikaliegemeza gari kwenye tuta la udongo, nikatoka miguu ikitetemeka. Chanzo nitakieleza kwenye sehemu ya breki. Naanza na siku ile kwa sababu ndiyo iliyonionyesha gari lililofufuliwa ni kitu gani: chuma cha 1977, mpira wa mwaka jana, bolti zilizokazwa mwezi uliopita na nyaya za rika tatu tofauti, vyote vimefungwa pamoja na bado havijazoeana. Mwaka wa kwanza ni wa kulijua gari lako kipande kwa kipande, na mwongozo huu unafuata mpangilio ambao leo ningeufuata tangu siku ya kwanza.

Vipimo vyote nitakavyotaja ni vya injini ya petroli ya lita 2.25, yenye sentimita za ujazo 2,286. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Mwenye Series IIA, za 1961 hadi 1971, anaweza kuufuata karibu wote, ila akumbuke kwamba giaboksi yake haina sinkro (kinachofanya gia ziingie bila kukwaruzana) kwenye gia ya kwanza na ya pili.

Kabla ya kulipa, au wiki ya kwanza kama umeshalipa

Anza na kadi ya gari. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma kinachoshika springi ya mbele upande wa kulia. Futa tope na grisi kwa brashi ya waya mpaka isomeke, uilinganishe na kadi. Namba ya injini iko kwenye bloku. Magari haya yamebadilishwa injini mara nyingi, na hilo si dhambi, ila kama kadi inasema namba nyingine, mwenye gari alimalize TRA, mamlaka ya mapato, yeye mwenyewe kabla hujampa hela. Rangi pia iangalie kwenye kadi, maana waliofufua gari la kijivu na kulipaka kijani husahau.

Kisha bodi. Wengi wetu tukikagua gari tunatembea na sumaku: isiposhika, pale pana puti. Kwenye Land Rover ya zamani hiyo sumaku itakudanganya, kwa sababu madigadi, milango na bodi la nyuma ni aluminiamu, na sumaku haishiki popote. Inama uangalie ubavu wa gari kwa pembeni jua la asubuhi likiwa limelala. Puti huonekana kama maji yaliyotulia juu ya bati. Ipelekee sumaku yako kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva, hasa chini pale miguu inapokaa. Pale ni chuma kweli, na ndipo kutu inapopenda kula. Nikikuta rangi nene inayong'aa pale na sumaku inateleza, nahesabu tayari gharama ya kukata na kuchomelea.

Chesisi ndiyo roho ya gari hili. Ni boksi la chuma lenye uwazi ndani, na huoza kuanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo macho pekee hayatoshi. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga kila sentimita kumi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinajibu kwa mlio mkali unaobaki masikioni. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, kama kugonga debe lenye pumba, na wakati mwingine unga mwekundu unadondoka usoni. Tumia muda mwingi kwenye mapaja ya pembeni yanayobeba bodi, kwenye vishikio vya springi, na kwenye boriti la mwisho kabisa nyuma, lile linalobeba ndoano ya kuvutia. Ukikuta bati jipya limechomelewa juu ya kutu bila kukata ile ya zamani, huo si ukarabati. Kutu inaendelea kula ikiwa imefunikwa.

Oili: sehemu nane, na zote zimwagwe

Usimwamini mtu aliyekuambia ameshabadilisha. Mwaga zote, uanze na tarehe unayoijua wewe. Sheria moja kabla ya zote: legeza kwanza bolti ya kujazia, ndipo ufungue ile ya kumwagia. Nimeona gari limesimama gereji siku mbili kwa sababu oili imeshamwagwa chini na bolti ya juu imegoma kufunguka.

Injini inakula lita 6 na robo, na ukibadilisha filta inakaribia lita 7. Weka oili nzito ya 20W-50. Giaboksi lita 1.5, transfa (boksi la gia la pili, linalogawa nguvu kwa ekseli mbili) lita 2.5, difu ya mbele (tumbo la gia lililo kwenye ekseli) lita 1.75, zote oili ya gia ya EP90. Difu ya nyuma inategemea aina: kama ina mfuniko mkubwa wa duara wenye bolti kuzunguka pembeni, hiyo ni Salisbury, weka lita 2.5, kama mgongo wake ni laini usio na bolti, ni sawa na ya mbele. Baada ya hapo yapo yale matufe mawili ya chuma kinachong'aa nyuma ya matairi ya mbele, yanayogeuka ukikata kona. Kila moja linataka nusu lita ya oili yake lenyewe, na ndiyo sehemu inayosahaulika kuliko zote. Ya nane ni boksi la usukani.

Kila oili unayomwaga, isome. Chovya vidole viwili, zisugue. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, labda gari lilivuka mto. Vumbi laini la kijivu kwenye bolti ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha ni jino la gia, na gari lisitembee mpaka ujue limetoka wapi.

Tukirudi kwenye matufe: pitisha kidole juu yake. Kama uso wake una vishimo vya kutu, sili itachanika kila ukibadilisha, na oili itaendelea kuchuruzika hadi kwenye tairi. Dawa ya kweli ni tufe jipya. Kama hela haijapatikana, wengi huweka grisi nyepesi ya majimaji badala ya oili, na mimi niliishi hivyo mwaka mzima bila madhara. Ila grisi ngumu ya beringi usiithubutu, haifiki juu kwenye beringi ya egemeo.

Jambo dogo linalookoa sili nyingi: juu ya kila ekseli kuna kipumulio kidogo chenye kofia. Kikiziba kwa tope, difu ikipata moto hewa inatafuta njia, na njia yake ni kwenye sili. Kabla ya kununua sili mpya, safisha kipumulio.

Breki

Sasa ile siku ya Rhotia. Aliyefufua gari alipeleka kazi ya breki kwenye gereji moja, na mtu wa pale alipokuta kopo la breki limepungua, akaongeza haidroliki ya usukani. Inafanana kwa macho. Lakini mpira wa breki hizi haukutengenezwa kwa oili ya aina hiyo. Nilipofungua masta silinda, ile pampu ya breki inayosukumwa na kanyagio, nilikuta vikombe vya mpira vimevimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha, vimelainika, vinapitisha mafuta pembeni. Ilibidi nitoe kila kipande cha mpira kwenye mfumo mzima, nisuuze mabomba yote kwa spiriti na kuyapuliza, nianze upya.

Kipimo kinachukua dakika moja, na ningeomba kila anayenunua gari la zamani akifanye. Nyonya mafuta kidogo kutoka kwenye kopo la breki kwa bomba la sindano, yadondoshe kwenye glasi ya maji safi, koroga. Mafuta sahihi, DOT 3 au DOT 4, yanachanganyika na maji na kupotea. Yakielea juu na kutengeneza utando, mtu ameweka oili, na gari hilo lisitoke getini.

Mia na tisa ina dramu za inchi 11 pande zote. Kila baada ya miezi mitatu inua tairi moja moja, weka stendi chini ya ekseli (jeki peke yake haitoshi, tafadhali), geuza tairi kwa mkono na utafute vichwa vya bolti vya kurekebishia nyuma ya bamba la breki. Magurudumu ya mbele yana viwili kila moja. Kaza mpaka tairi ligome, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huru huku ukisikia msuguano hafifu. Kanyagio linaloingia chini sana mara nyingi ni shuu (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani) zilizokaa mbali na dramu, si upepo.

Kama ni upepo, kutoa upepo kwenye breki za 109 kunahitaji subira. Kwanza kaza marekebisho yote mpaka shuu zigandane na dramu, ili pistoni zisitembee bure. Anza na tairi lililo mbali zaidi na masta silinda: kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Msaidizi akanyage polepole na kushikilia. Wewe ufungue, ufunge, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga mnarudi mwanzo. Mkimaliza, rudisha marekebisho ya shuu.

Breki ya mkono ya gari hili haikamati matairi. Inakamata shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ni ya kuegeshea tu. Ukiivuta gari likiwa kwenye mwendo unapeleka mshtuko wote kwenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) na difu. Na kama haishiki hata baada ya kurekebisha, chungulia sili ya nyuma ya transfa. Oili ikiingia kwenye dramu ile, shuu zinateleza kama sabuni.

Kilomita 500 za kwanza

Gari lililotoka kufungwa linajikaza na kujilegeza lenyewe. Baada ya kilomita 500 lala chini na spana: kaza bolti za U zinazoshika springi kwenye ekseli, bolti za propela mbele na nyuma, nati za matairi, nati za manifoldi. Kama injini ilifunguliwa, mwaga oili ya kwanza hapo hapo hata kama inaonekana safi, na upime tapeti (nafasi ndogo inayoachwa juu ya kila valvu). Rudia ukaguzi wa bolti kwenye kilomita 1,000 na 2,000. Propela yangu ilikuwa na nati mbili zilizokwisha kulegea mwezi wa pili, na kilichoniambia ni mtetemo mdogo uliokuwa unakuja mwendo wa 60 tu.

Hapa nisisitize spana. Bolti nyingi za Series III ni za inchi. Utahitaji 7/16, 1/2 na 9/16 karibu kila siku. Spana ya milimita 13 itaingia kwenye 1/2 na kukushawishi kwamba inatosha, mpaka siku bolti ngumu inapoviringika kichwa. Nunua seti yako ya inchi, weka kwenye boksi, na fundi akija akute ziko pale.

Injini: tapeti, moto na hewa

Tapeti zinapimwa 0.25 mm kwa valvu zote nane, za kuingiza na za kutolea. Njia ni nyepesi ukiijua. Toa plagi zote ili injini igeuke kwa urahisi, chomeka mbele hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, na hesabu valvu kutoka mbele: 1 hadi 8. Zungusha mpaka valvu namba 1 ibonyezwe hadi mwisho, kisha pima namba 8. Namba 2 ikibonyea, pima 7. Namba 3 na 6, namba 4 na 5, na kinyume chake. Jumla ni 9 siku zote. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta kutoka chini ya kitabu. Andika ulichokikuta kabla ya kurekebisha. Petroli yenye risasi iliondolewa nchi za kusini mwa Sahara kufikia 2006, na injini hizi ni za enzi ile. Nafasi ya valvu za kutolea ikizidi kupungua kila ukipima, kiti cha valvu kinaliwa, na silinda hedi itahitaji kupelekwa kwa fundi wa mashine akaweke viti vigumu.

Pointi za distribyuta ziwe kati ya 0.35 na 0.40 mm, plagi kati ya 0.75 na 0.80. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Kondensa ni kitu kidogo kinachosumbua kuliko ukubwa wake: injini inakwenda vizuri ikiwa baridi, inapata moto, inaanza kukohoa na kuzima. Mafundi wengi hapo hukimbilia kabureta. Badilisha kondensa kwanza, na ile ya zamani iliyokuwa inafanya kazi usiitupe, maana mpya nyingi sokoni ni feki na zinakufa mapema.

Kabureta ya Zenith 36IV inayokaa kwenye nyingi ya hizi petroli ina ugonjwa wake unaojulikana. Mwili wake umegawanyika vipande, na joto la miaka linapinda ule uso wa kukutania. Petroli inavuja kwa ndani, saileni (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) haitulii, moshi unakuwa mweusi, na gari linakunywa. Kuipima, fungua kipande cha juu na ukilaze juu ya kioo cha dirisha. Kikitikisika, kimepinda. Gundisha msasa laini, namba 400, juu ya kioo hicho, mwagia matone ya petroli, na usugue kipande kwa mzunguko wa duara bila kukandamiza, ukigeuza kila baada ya mizunguko kumi. Uso mzima ukishakuwa na rangi moja ya fedha isiyo na doa jeusi, umenyooka. Osha vizuri, weka gasketi mpya. Kazi hii ilinichukua Jumapili moja, na tangu hapo saileni yangu haijazima kwenye foleni ya Kilombero, Arusha.

Filta ya hewa ni ya oili, kopo lenye oili chini linalonasa vumbi. Kwa barabara zetu za Longido na Monduli hii ni bora kuliko ya karatasi, mradi ioshwe. Fungua kopo, mwaga tope lililotuama, osha nyuzi kwa mafuta ya taa, acha zikauke, jaza oili safi hadi alama. Kiangazi mimi hufanya kila wiki mbili. Masika, mara moja kwa mwezi inatosha.

Halafu themostati. Injini ikichemka, fundi wa kwanza utakayemkuta atakwambia aitoe aitupe. Namuomba kila mwenye gari akatae. Bila themostati injini inafanya kazi ikiwa baridi mno, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na kutu ya maji inaongezeka. Tafuta kinachochemsha. Mara nyingi ni rejeta iliyojaa matope ndani na mbegu za majani kati ya mapezi yake nje, au mkanda wa feni uliolegea. Ukiukandamiza kwa kidole katikati ushuke kama sentimita moja. Na maji ya mto yasiingie kwenye rejeta. Weka kulanti, au angalau maji ya mvua uliyokinga.

Kutu

Oili chafu ndiyo dawa ya wengi: inapigwa kwenye chesisi kwa pampu ya dawa ya mimea. Nilifanya mara moja nikaacha. Inachuruzika hadi kwenye mipira ya breki na bushi, inamwagika ardhini, na ina tindikali za injini ndani yake. Sasa nachanganya grisi ya kawaida na oili mpya ya gia nafuu, naipasha moto juani mpaka iwe nyepesi, naipuliza ndani ya boksi la chesisi kupitia matundu yake, kila Februari kabla ya masika. Kwanza lakini natoboa tope lililoziba matundu ya chini kwa waya mgumu. Maji yakikosa pa kutokea, kazi nyingine yote ni bure. Kwa walioko Tanga, Mombasa na Unguja, chumvi inataka mara mbili kwa mwaka na maji baridi chini ya gari kila likitoka ufukweni.

Aluminiamu nayo ina maradhi yake. Inapogusana na chuma penye unyevu, inageuka unga mweupe na rangi inavimba kama malengelenge. Ukifungua bodi, weka mpira mwembamba au rangi nzito kati ya metali hizo mbili. Na mpiga rangi wako aelewe kwamba aluminiamu inataka praima (rangi ya kwanza ya chini) yake maalumu ya kuuma bati. Bila hiyo rangi itabanduka vipande vipande kabla ya mwaka.

Umeme na springi, kwa kifupi

Gari lina fyuzi chache na waya chache. Taa ikififia au indiketa ikilala, usianze kubadilisha balbu. Tafuta waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye bodi), kwangua unga mweupe pale ulipofungwa kwenye aluminiamu mpaka ung'ae, paka grisi, kaza. Nadhani robo tatu ya matatizo ya umeme niliyokutana nayo yaliishia hapo.

Springi zipigwe brashi ya waya na kupakwa oili kati ya vipande vyake mara mbili kwa mwaka. Bushi zikiisha gari linatembea upande kama kaa. Matairi ya 7.50-16 yapewe upepo wa karibu psi 25 mbele na 36 nyuma ukiwa umebeba. Mimi sizidishi kilo 800, hata pale mteja anapobembeleza kwa gunia moja la mwisho.

Kuliendesha

Mwendo wake mzuri ni kilomita 70 hadi 80 kwa saa. Kijiti chenye kichwa cha njano ukikibonyeza chini kinaunganisha ekseli ya mbele, na unaweza kufanya hivyo gari likitembea. Kijiti chekundu ukikivuta nyuma unaingia gia za nguvu, na hapo lazima gari liwe limesimama kabisa. Kutoka, simama, hakikisha chekundu kimevutwa nyuma, kisha kirudishe mbele, na kile cha njano kitakuwa kimeruka juu chenyewe. Kwenye lami usiwahi kuunganisha ekseli ya mbele: hakuna difu ya katikati, kona moja ngumu inajenga mvutano ambao shafti ndiyo inaulipa. Kama una habu za kufungia magurudumu ya mbele, zifunge walau kilomita chache kila mwezi, ili oili ipande kwenye beringi za ndani ya yale matufe.

Kabla ya kuvuka mto, kuna bolti ndogo inayokaa chini ya nyumba ya flaiwili. Ichomeke wakati wa kuvuka ili maji yasifike kwenye klachi; ukitoka, itoe, ili oili inayodondoka ipate njia.

Spea

Arusha wapo wanaouza spea za gari hili peke yake, Dar es Salaam nenda Gerezani, Nairobi nenda Kirinyaga Road. Beba kipande cha zamani mkononi, pamoja na namba ya chesisi, kwa kuwa miaka tofauti ina silinda za breki tofauti. Vitu vya breki, sili na beringi nanunua halisi au vya kampuni inayojulikana hata nikisubiri wiki tatu. Milango, vioo na vishikio, vya kwenye gari lililochinjwa vinatosha, na mara nyingi chuma chake ni kizuri kuliko kipya.

Ndani ya gari langu vinakaa siku zote: mkanda wa feni, kondensa na pointi, bomba la juu la rejeta, chupa ya mafuta ya breki yenye kizibo ambacho hakijafunguliwa, waya wa kufungia, na daftari. Kwenye daftari naandika kilomita, nilichofanya, na nilichokiona hata kama sikukigusa.

Likilala muda mrefu

Gari likikaa zaidi ya wiki tatu, toa waya wa betri, jaza tangi ili unyevu usipate nafasi, na uliache kwenye gia huku matairi yamewekewa mawe, breki ya mkono ikiwa imeachiwa, maana shuu hugandana na dramu. Siku ya kuliamsha, angalia oili, kisha piga kijiti kidogo kilicho kwenye pampu ya petroli, mara ishirini hivi, mpaka uone kikombe chake cha kioo kimejaa. Rudisha gia kwenye nyutro na uache mawe palepale. Kabla ya kurudisha waya wa betri, chomeka hendeli na uzungushe injini mara sita kwa mkono ili oili ianze kupanda. Shika hendeli dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie. Huko baadaye betri ikifa porini na ukalazimika kuliwasha kwa hendeli hiyo, vuta kwenda juu na usiwahi kusukuma kwenda chini: injini ikirudisha, hendeli inauponyoka mkono bila kuvunja kitu.